Sarafu Iliyokosewa na Sarafu Iliyoumia: Maneno ya Kiingereza na Kifaransa Yanayotuchanganya

Ujumbe wenyewe si mgeni katika simu za Mombasa. Ni picha ya shilingi kuukuu, mshale mwekundu umeelekezwa kwenye herufi iliyofifia, na chini yake maandishi makubwa: ukiwa na sarafu hii usiipeleke dukani, kuna mtu anainunua kwa mamilioni. Jioni hiyohiyo makopo ya chenji yanamwagwa mkekani. Kesho yake wenye maduka ya vitu vya kale upande wa Ngome ya Yesu na Ndia Kuu wanaletewa shilingi zilizopondwa na magurudumu, zilizotobolewa kwa msumari, zilizokaa pwani mpaka zikaota kutu, na kila aliyeleta ana hakika mfukoni mwake mna nyumba na shamba.

Uvumi huu una chanzo chake. Kweli zipo sarafu zilizokosewa kiwandani zikaja kuwa na bei kubwa. Mwaka 2010 senti moja ya Marekani ya mwaka 1943, iliyotoka kiwanda cha Denver, iliuzwa dola milioni 1.7. Lakini senti ile na shilingi yenye mkwaruzo haziko hata mtaa mmoja, na anayetaka kuzitofautisha hana budi kujua maneno machache. Kwetu Mombasa maneno hayo hutujia kwa lugha mbili. Sarafu za Kenya na zile za Afrika Mashariki ya kikoloni huelezwa kwa Kiingereza. Zinazoletwa na ndugu zetu wa Ngazidja na Nzuwani, visiwa vya Komoro, na zinazotoka Madagaska na Jibuti, huuzwa mtandaoni kwa Kifaransa. Mtu akiyachanganya anaweza akanunua sarafu bandia akidhani amepata sarafu yenye kasoro.

Tuanze na maana. Sarafu iliyokosewa ni ile iliyotoka kiwandani ikiwa tofauti na ilivyokusudiwa. Neno la kushika hapo ni kiwandani. Chochote kilichoipata baada ya kuvuka mlango wa kiwanda, iwe nyundo, moto, tindikali, gurudumu la tuktuk au meno ya mtoto, ni jeraha tu. Kwa Kiingereza la kwanza ni "error" na la pili ni "damage", na muuzaji mwaminifu hachanganyi maneno hayo mawili hata akiamshwa usiku wa manane.

Wafaransa sarafu yenye kosa la kiwandani huiita "fautée". Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Liko neno jingine linalofanana nalo kwa macho na kwa sikio, "fausse", au "faux" likisimama peke yake, na hilo maana yake ni bandia. Tangazo likisema "faux d'époque" linakwambia wazi kwamba hiyo ni sarafu bandia iliyotengenezwa zamani, wakati ile halali ilipokuwa bado inatumika sokoni. Muuzaji hakukudanganya; ameandika ukweli wake kwa lugha yake, nawe umeusoma kwa haraka. Wapo wanaokusanya bandia hizo za zamani kwa makusudi, na hakuna ubaya ukijua unachonunua.

Kisahani, muhuri, pigo

Sarafu hupita hatua tatu kabla ya kustahili jina hilo, na karibu kila kosa la kweli lina makao katika mojawapo. Kwanza kinakatwa kipande cha mviringo kisicho na picha wala maandishi. Tukiite kisahani. Kiingereza chake ni "planchet", wengine husema "blank", na Kifaransa chake ni "flan". Pili kuna mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa upande wa thamani, yote imechongwa picha kinyumenyume. Muhuri huo kwa Kiingereza ni "die", kwa Kifaransa ni "coin". Tatu ni pigo lenyewe: kisahani huwekwa kati ya mihuri, mashine ikabana kwa uzito wa tani nyingi, na picha za pande zote mbili zikatokea kwa mara moja. Hiyo ni "strike" kwa Waingereza na "frappe" kwa Wafaransa.

Kisahani kinapopigwa huwa kimezungukwa na pete ya chuma isiyoonekana kwenye picha za sarafu lakini yenye kazi kubwa. Ndiyo inayozuia madini kutapakaa na ndiyo inayochora vimistari vya ukingoni. Kiingereza huiita "collar", Kifaransa "virole". Ikumbuke, tutaihitaji.

Bila shaka umeuona mtego. Neno "coin" kwa Kiingereza ni sarafu, kwa Kifaransa ni muhuri wa kupigia sarafu. Waingereza walilichukua huko wakalihamishia maana. Sarafu kwa Kifaransa ni "pièce" au "monnaie". Kwa hiyo tangazo la "coin cassé" halisemi sarafu imevunjika. Linasema muhuri ulikuwa umepasuka na ufa wake umebaki kwenye sarafu iliyo nzima kabisa. Na "fleur de coin" si kasoro wala ua. Ni sifa ya juu inayopewa sarafu ambayo iko kama ilivyotoka chini ya muhuri, haijapita mikononi mwa watu.

Makosa ya kisahani

Mtazame mtu anayekata biskuti za Idi kwa bilauri. Ametandaza unga mezani, anakata duara, anasogeza, anakata tena. Akisogeza kidogo mno, bilauri inaangukia sehemu ya tundu lililokwishakatwa, na biskuti inatoka na pengo la mwezi mchanga. Akikata mwisho kabisa wa unga, inatoka na upande ulionyooka. Visahani vya sarafu hukatwa hivyohivyo kutoka kwenye bamba refu la madini, na makosa yake ndiyo hayohayo: pengo la mviringo au upande ulionyooka. Kwa Kiingereza huitwa "clipped planchet".

Lakini pengo mtu anaweza kulitia mwenyewe kwa tupa au msumeno, na wapo wanaofanya hivyo. Tofauti haiko kwenye pengo. Iko upande wa pili wa sarafu. Kabla ya kupigwa, kisahani huzungushwa na kubanwa kando ili kiinuke ukingo. Palipo na pengo hakuna cha kubana, kwa hiyo upande unaokabiliana nalo nao haupati nguvu ya kutosha. Sarafu ya kweli yenye pengo penye tatu ya uso wa saa mara nyingi huwa na ukingo uliofifia penye tisa, na herufi zilizo jirani na pengo zinavutika kidogo kuelekea kwake kama zinateleza, maana madini yalipopigwa yalikimbilia palipokuwa wazi. Pengo la tupa halina hayo. Herufi zake zimekatwa wima na ukingo wa upande wa pili ni mzima. Kagua hilo kwa kioo cha kukuzia kabla hujakagua kingine chochote.

Nitie neno la tahadhari. "Clipped" kwa Kiingereza hutumika pia kwa sarafu za madini ya fedha za karne zilizopita ambazo wezi walikuwa wakizikwangua kandokando ili wajikusanyie madini. Kifaransa kina neno lake kwa uhalifu huo, "rognée". Sarafu ya "rognée" ilipunjwa na mtu, wala kiwanda hakihusiki.

Wakati mwingine kisahani hakina pengo, ila ni cha sarafu nyingine. Hii ndiyo siri ya ile senti ya dola milioni 1.7. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Marekani iliihifadhi shaba kwa ajili ya jeshi na senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Inaaminika visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilikuwa vimebaki ndani ya mashine, vikapigwa muhuri wa 1943. Za Denver inajulikana moja tu. Walaghai nao hawakulala: walichukua senti za chuma za mwaka huo, ambazo ni nyingi mno, wakazipaka shaba. Sumaku huzifichua papo hapo.

Na kwetu? Senti za Afrika Mashariki za moja, tano na kumi zilikuwa na tundu katikati. Kisahani kikiruka hatua ya kutobolewa, sarafu inatoka bila tundu. Kikitobolewa vibaya, tundu linahamia pembeni. Hizo ni kasoro nzuri, lakini mwangalie aliyeziba tundu kwa madini ya risasi akapaka rangi. Sarafu zetu za shilingi kumi zilizoanza mwaka 1994, na za ishirini zilizoanza 1998, ni za vipande viwili, kiini na pete yake, na kiini kinaweza kukaa upande. Lakini kiini kilichotoka chote au kilichogeuzwa chini juu karibu kila mara ni kazi ya nyundo. Tazama mpaka kati ya kiini na pete: katika sarafu ya kweli madini ya pande mbili yamebanana kwa pigo moja, na kama mchoro unavuka mpaka, unavuka bila kukatika. Iliyogongwa ina mikwaruzo mipya inayong'aa kuzunguka kiini.

Makosa ya muhuri

Muhuri mmoja hupiga sarafu kwa maelfu na maelfu. Ukiwa na kasoro, kila sarafu inayofuata inazaliwa nayo. Jambo hili lina maana kubwa kwa bei: kosa la muhuri lina ndugu zake, watu wanaweza kulitafuta, kulilinganisha na kulipa jina. Kosa la pigo, kama tutakavyoona, aghalabu ni la sarafu moja peke yake.

Kosa la muhuri lililo la kawaida kuliko yote ndilo linalovuma sana kwenye simu, herufi iliyokosekana. Muhuri huchongwa kwa kuzama, na grisi ya mashine ikijaa kwenye herufi iliyozama, madini hayaingii. Kiingereza husema "filled die", Kifaransa "coin bouché", muhuri ulioziba. Hutokea kila kiwanda, kila mwaka, na kwa maoni yangu shilingi iliyokosa nusu ya herufi K itabaki kuwa shilingi. Muhuri ukipasuka, sarafu hupata mstari mwembamba ulioinuka. Mkono ukiupitia unausikia umevimba. Mkwaruzo ungekuwa umezama. Ukiweza kukumbuka hilo tu, kwamba ufa wa muhuri huinuka na mkwaruzo huzama, utakuwa umewapita nusu ya wanaopiga kelele mtandaoni. Kipande cha muhuri kikimeguka kabisa ukingoni, sarafu inabaki na donge bapa lisilo na mchoro, ambalo kwa Kiingereza huitwa "cud".

Lipo jambo la maandishi yaliyorudiwa, nalo ndilo lenye fujo kuliko yote, kwa sababu sababu tatu tofauti hutoa sarafu zinazokaribia kufanana. Ya kwanza ni muhuri wenyewe kuwa na maandishi mawili. Muhuri hutengenezwa kwa kugandamizwa na chuma mama, na zamani ilibidi ugandamizwe zaidi ya mara moja. Ukisogea kidogo kati ya mara ya kwanza na ya pili, unabeba picha mbili. Hiyo ni "doubled die". Senti ya Marekani ya mwaka 1955 ndiyo mfano mashuhuri: zaidi ya 20,000 zilitoka kiwandani na tarehe inayoonekana mara mbili bila hata kioo. Ya pili ni sarafu kupigwa mara mbili ikiwa imesogea, "double struck" kwa Kiingereza na "double frappe" kwa Kifaransa. Hapa muhuri hauna neno. Ni pigo ndilo lililorudiwa. Ya tatu ni muhuri kulegea na kuburuzika wakati wa kuachana na sarafu. Huacha kivuli bapa kama kidaraja kando ya herufi, na herufi yenyewe inakonda. Hii ya tatu haina thamani, nayo ndiyo utakayoiona mara mia kabla ya kuiona ya kwanza mara moja. Kipimo chake ni hicho: "doubled die" ya kweli huongeza unene wa herufi na kuzipa ncha zilizopasuka vizuri, muburuzo hupunguza. Kwenye matangazo ya Kifaransa utakutana pia na "tréflage", hasa kwa sarafu za kale zilizopigwa kwa nyundo za mkono, pale kisahani kilipocheza kati ya pigo na pigo.

Kisha kuna ndoa isiyo halali ya mihuri miwili. Kiwanda kina mihuri mingi, na siku moja muhuri wa mbele wa aina moja unafungwa pamoja na muhuri wa nyuma wa aina nyingine. Kiingereza huiita sarafu hiyo "mule", yaani baghala, mtoto wa punda na farasi. Wafaransa husema "hybride". Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha michoro ya sarafu zake, na katika peni 20 tarehe ilihamishwa kutoka upande wa nyuma hadi upande wa kichwa. Muhuri wa kichwa wa zamani ukafungwa na muhuri wa nyuma mpya, na matokeo yake ni sarafu isiyo na mwaka popote. Inakadiriwa kati ya 50,000 na 200,000 ziliingia mikononi mwa watu. Magazeti yalipiga kelele, bei ikapanda, kisha watu wakatambua kwamba si adimu hivyo. Ukimwona mtu anakuuzia moja kwa bei ya gari, mwache na gari lake.

Makosa ya pigo

Hapa mambo ni mepesi kueleza. Kisahani kikikaa upande chini ya mihuri, picha inaangukia pembeni na sehemu nyingine inabaki tupu: "off-center", "frappe décentrée". Wakusanyaji hupima kwa asilimia, na wanaipenda zaidi ile iliyohama sana huku mwaka ukionekana, kwa sababu bila mwaka nusu ya habari imepotea. Ile pete ya chuma ikikosa kukaa mahali pake, madini yanatapakaa na sarafu inatoka pana, nyembamba, isiyo na vimistari ukingoni. Uzito wake haubadiliki, na hilo ndilo linaloitofautisha na sarafu iliyogongwa au kusuguliwa. Kisahani kisichopigwa kabisa ni "flan vierge".

Kosa ninalolipenda mimi ni lile la sarafu iliyokataa kuondoka. Imepigwa, imenata kwenye muhuri wa juu, na kisahani kinachofuata kinapoingia hakikutani na muhuri. Kinakutana na mgongo wa sarafu mwenzake. Kinatoka na upande mmoja wa kawaida, na upande wa pili una picha ileile ya kawaida lakini imezama na kugeuka kama kwenye kioo. Kiingereza husema "brockage", Kifaransa "frappe incuse". Ni vigumu kuighushi vizuri, ingawa wapo wanaobana sarafu mbili kwenye jiliwa. Wanajiumbua wenyewe, maana sarafu iliyobanwa kwenye jiliwa huwa imelalishwa mchoro wa upande wake wa pili.

Sarafu zilizopigwa kwa haraka karakanani zina sheria yake. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa vitani, walipiga sarafu ya heller 20, pesa ya koloni lao la Afrika Mashariki, katika karakana ya reli ya Tabora. Nyingi zimekaa upande, nyufa za mihuri zimejaa. Kwa sarafu ya namna hiyo kasoro ni sura yake ya kawaida, na muuzaji anayeongeza bei kwa sababu ya ufa mmoja anakutania.

Visivyo makosa hata kidogo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu wa Pwani zinapopotelea.

Shika shilingi ya Kenya kwa vidole viwili, kimoja juu ya kichwa na kingine chini ya shingo, kisha izungushe kama mlango. Upande wa pili utakuwa umesimama wima. Fanya hivyohivyo kwa faranga ya Komoro iliyopigwa Paris: upande wa pili utakuwa kichwa chini miguu juu. Hiyo si kasoro. Ni desturi mbili za viwanda. Wafaransa mtindo wa kugeuka huuita "frappe monnaie" na wa kusimama wima "frappe médaille". Hilo la pili halimaanishi kwamba sarafu ni medali. Kosa huwa pale sarafu inapoisaliti desturi yake yenyewe, kwa mfano shilingi ambayo upande wa pili umelala robo ya mzunguko kwa sababu muhuri ulilegea ukazunguka.

Kisha kuna herufi ndogo. Senti na shilingi za Afrika Mashariki zina H, KN, I au SA zilizojificha chini, na watu huzizungushia duara jekundu kana kwamba fundi aliteleza. H ni kampuni ya Heaton ya Birmingham, KN ni King's Norton ya hukohuko, I ni Bombay, SA ni Pretoria. H hiyohiyo iko kwenye rupia ya mwaka 1888 yenye jina la Mombasa, iliyopigiwa ile kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki chini ya mkuu wake Mackinnon, ambaye soko letu la Marikiti lilibeba jina lake. Wafaransa wao hupenda vijipicha: bundi, pomboo, nyuki, pembe iliyojaa matunda. Ni alama za wachoraji wakuu na za kiwanda cha Paris. Najua mtu wa Pwani hafurahii kumkuta bundi kwenye pesa yake, lakini aliwekwa kwa kukusudia.

Senti tano na senti kumi za mwaka 1936 zenye jina la mfalme Edward wa nane nazo huuzwa kama maajabu, kwa kuwa mfalme huyo alijiuzulu Desemba 1936 kabla hata ya kuvishwa taji. Sarafu hizi zilikuwa na tundu, hazikuhitaji picha yake. Jina lilitosha, na mihuri ikawahi. Zipo kwa wingi. Shilingi za Kenya za 1966 hadi 1968 zina picha ya Mzee Jomo Kenyatta bila maandishi ya kumzunguka, na za kuanzia 1969 zina maandishi. Anayekuambia za kwanza "zimefutika" hajaziona nyingi. Sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003 ni ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Na zile za Desemba 2018 zenye twiga, kifaru, simba na ndovu hazina sura ya rais kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, imekataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa yetu.

Neno "ESSAI" kwenye sarafu ya Kifaransa si kosa la tahajia. Ni sampuli iliyopigwa kwa ajili ya kuidhinishwa, na zile za makoloni mara nyingi zina thamani kuliko sarafu ya kawaida. Hapa ujinga huweza kukugharimu upande wa pili, ukaiuza kwa bei ya chenji.

Yaliyobaki ni majeraha. Sarafu nyingi za sasa ni chuma kilichopakwa. Shilingi moja ya rangi ya njano ya mwaka 1995 hudakwa na sumaku. Chumvi ya bahari ikila lile pako, rangi ya ndani inatokea na mtu anadai ni madini yasiyo yake. Sarafu ya vichwa viwili ni ya wafanya mazingaombwe, moja imechongwa ndani ikapachikwa nyingine; igonge mezani uisikie ilivyo kiziwi, kisha tafuta mfereji mwembamba ndani ya ukingo.

Bei, sheria na tangazo lako

Anayekuambia sarafu yako ni ya mamilioni halafu akaomba ada ya usajili kwanza si mnunuzi. Mnunuzi wa kweli huanza kwa kuomba uzito.

Lipo jambo la sheria ambalo halitajwi kwenye matangazo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ni mali ya kale kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na mali ya kale haitolewi nchini bila kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 iliyofukuliwa uani kwa bibi iko ndani ya hesabu hiyo. Shilingi ya mwaka 1966 haimo. Kabla ya kuituma rupia hiyo kwa mnunuzi wa Paris au London, wapitie watu wa makumbusho pale Ngome ya Yesu.

Usiisafishe. Ndimu na majivu hung'arisha sufuria ya shaba, lakini sarafu iliyosuguliwa hupoteza ngozi yake ya asili na mkusanyaji huitambua kwa jicho moja. Piga picha tatu: mbele, nyuma na ukingo, kwenye mwanga wa dirishani. Andika uzito kwa gramu hadi nukta mbili, na kando yake uzito ambao sarafu ya aina hiyo inapaswa kuwa nao. Kisha taja kosa kwa jina lake, katika lugha ya unayemuuzia: "off-center" kwa Mwingereza, "frappe décentrée" kwa Mfaransa, na asilimia uliyoipima. Kama hujui ni kosa la kisahani, la muhuri au la pigo, acha neno "error" na neno "fautée" nje ya tangazo, uweke picha zako, na umwachie anayejua akuulize.